Mpaka Ukifungwa, Mungu Yuko Upande Gani?

Mwishoni mwa Machi 2020, watu wa Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, waliamka wakakuta ng'ambo imekuwa mbali. Uganda ilikuwa imezuia abiria, Kenya nayo imekaza, na lango ambalo watu walikuwa wakilivuka asubuhi, adhuhuri na jioni likabaki la malori ya mizigo peke yake. Mama aliyeacha magunia yake ya mahindi ghalani upande wa Uganda hakuweza kuyafuata. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akila na kulipa kodi kutokana na ule mwendo mfupi kati ya bendera mbili hakuwa na abiria wa kubeba. Madereva waliwekwa foleni kungoja majibu ya vipimo vya korona, na foleni ya Malaba ikanyooka makumi ya kilomita kuelekea Bungoma.

Siku hizo hizo makanisa nayo yalikuwa yamefungwa. Yalipofunguliwa mwezi wa Julai, ibada iliruhusiwa saa moja tu, watu wasizidi 100, na aliyepita umri wa miaka 58 akaambiwa abaki nyumbani. Anayeyajua makanisa yetu anajua pigo hilo lilitua wapi. Kina nyanya wanaokuja kwenye maombi ya alfajiri kabla jogoo hajamaliza kuwika, wale wanaokumbuka mtoto wa nani anafanya mtihani na mume wa nani amelazwa, ndio waliozuiwa mlangoni.

Janga hilo halikwisha upesi. Januari 2022 malori yalijaa tena barabarani, safari hiyo madereva wakigomea kulipia vipimo vya lazima vya korona. Sasa limepita, na mengine yamekuja: kuna ndoa zinazovunjika, watoto wanaorudishwa nyumbani kwa karo, ugonjwa usiotibika, msiba usiotarajiwa. Mhubiri akisimama Jumapili atasema tumtegemee Mungu, nasi tutaitikia amina kwa moyo wote. Swali langu ni la Jumatatu. Mtu anayemtegemea Mungu akiwa katikati ya shida anafanya nini, saa kwa saa, tofauti na mtu aliyekata tamaa?

Kabla ya kujibu, kuna mzigo ambao Wakristo wengi wamebebeshwa na lazima utuliwe kwanza. Ni ile imani kwamba ukimtegemea Mungu vya kutosha utavuka salama. Ukiwa mgonjwa utapona, biashara ikianguka itainuka maradufu, na ikiwa haikuwa hivyo basi imani yako ilikuwa na ufa mahali. Watu wa Busia, kuliko wengine, wana sababu ya kulikataa fundisho hilo, kwa kuwa mji huu una historia yake.

Mwaka 1990, wakati Kenya ilikuwa ikidai mfumo wa vyama vingi na kusema hadharani kulikuwa hatari, waziri wa kazi wa wakati huo, Peter Okondo, aliyekuwa mbunge kutoka sehemu hizi, aliwaonya maaskofu wawili wa Kianglikana wasithubutu kukanyaga Busia. Walikuwa Henry Okullu wa Maseno Kusini na Alexander Kipsang Muge wa Eldoret. Onyo lenyewe halikufichwa: wakija, huenda wasitoke hai. Muge alikuja. Tarehe 14 Agosti 1990 alifika Busia, akakutana na watu, akaomba nao, kisha akashika njia ya kurudi Eldoret. Karibu na Kipkaren gari lake likagongana na lori la maziwa. Akafa hapo. Serikali ikasema ni ajali ya barabarani, Wakenya wengi hawakuridhika, na Okondo akajiuzulu uwaziri siku chache baadaye.

Mimi sisomi habari hiyo kama hadithi ya imani iliyoshindwa. Askofu hakuja Busia akiwa na hakika ya kurudi. Alikuja kwa sababu aliona ni wajibu wa mchungaji kwenda kwa watu, na vitisho havikuwa sababu ya kutosha ya kumzuia. Ndivyo walivyokuwa wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli mbele ya tanuru: walimwambia mfalme kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, na kwamba hata asipowaokoa, hawataisujudia sanamu. Nusu hiyo ya pili ndiyo tunayoipunguza sauti makanisani. Kumtegemea Mungu ni kumkabidhi matokeo, ukabaki na wajibu wa leo mikononi. Ukishalikubali hilo, ushauri wote uliobaki unakuwa na mahali pa kusimama.

Anza kwa kusema kweli katika maombi yako. Kwetu mtu akiulizwa habari hujibu Mungu ni mwema, hata kama jana watoto walilala na uji mtupu. Ni adabu nzuri barabarani. Lakini wengi wetu tunaingia na adabu hiyo hiyo chumbani tunapoomba, tukimpa Mungu taarifa iliyosafishwa. Fungua Zaburi ya 13 uone namna mwandishi anavyomuuliza Bwana atamsahau mpaka lini. Fungua ya 88, ambayo inaisha gizani bila neno lolote la faraja, na bado imewekwa katika kitabu cha sala. Yeremia alimwambia Mungu amemdanganya. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Hakuna kati ya hao aliyefukuzwa mbele za Mungu kwa kulalamika, na mwishoni mwa kitabu cha Ayubu waliokemewa ni marafiki zake waliokuwa wakimtetea Mungu kwa maneno laini.

Kwa hiyo kama umeachwa, mwambie umeachwa na unaumia. Kama una hasira naye, mwambie yeye, usiende kumwambia jirani akusaidie kuacha kanisa. Ukishindwa kupata maneno, soma zaburi moja kwa sauti, polepole, kwa lugha unayoiotea usiku, iwe Kiteso, Kisamia, Kikhayo au Kiswahili. Mtu anayelalamika mbele za Mungu bado anaamini kuna anayesikia. Ningehofia zaidi aliyenyamaza.

La pili linahusu mwili, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoumizwa. Eliya alipomkimbia Yezebeli, alilala chini ya mti jangwani akaomba afe. Malaika alipokuja hakumhubiria. Alimgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji, akamwacha alale tena, kisha akamwamsha ale mara ya pili. Mazungumzo marefu yalifuata baadaye, mlimani. Pita Malaba siku ya foleni uone madereva wanavyolifahamu jambo hili bila kufundishwa. Dereva aliyekwama siku ya tatu huweka jiko lake dogo kando ya gurudumu, upande usio na upepo, sufuria ya ugali juu, taniboi akikatakata sukuma juu ya kipande cha mbao, galoni ya maji ikining'inia chini ya trela. Halafu wanapokezana kulala, mmoja macho kwa mzigo, mwingine kwenye mkeka. Foleni haisogei kwa kula kwao, ila ikisogea itawakuta na nguvu ya kuendesha.

Ukiwa kwenye shida, kula na ulale kabla ya kuamua jambo kubwa. Usiuze shamba usiku wa manane. Usimwandikie mume wako barua ya kuachana ukiwa hujala tangu jana. Na kama unaumwa, nenda hospitali. Hezekia alipougua karibu na kufa aliomba akilia, Mungu akamsikia, na nabii yule yule aliyemletea habari ya kupona akaagiza andazi la tini libandikwe kwenye jipu. Sala na dawa vilikaa chumba kimoja bila ugomvi.

Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu barabara hii kuu ya malori imebeba Ukimwi kwa miongo mingi, na wapo watu katika mitaa yetu walioambiwa wameombewa, wamepona, waache dawa za ARV. Yeyote anayekuambia hivyo, awe na cheo gani, usimtii. Meza dawa zako na umshukuru Mungu kwa aliyezitengeneza. Mwezi wa Aprili 2023 nchi hii ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, na miili iliyopatikana ikapita 400, wakiwemo watoto wengi, watu walioaminishwa kwamba kufunga hadi kufa ni njia ya kumwona Yesu. Waliokwenda kule hawakuwa wapumbavu. Wengi walikuwa watu wenye shida waliotaka kumtii Mungu, wakakutana na mtu aliyejiweka mahali pa Mungu. Mafundisho yanayokutenga na chakula, na hospitali, na shule ya watoto, na ndugu wanaokupenda, hayatoki kwa yule aliyewalisha watu mkate na samaki kwa kuwa aliwaonea huruma.

Pia hifadhi pesa zako dhidi ya wanaouza miujiza. Mtu akikuambia upande mbegu ya shilingi 5,000 ili mpaka ufunguke, mume arudi au kesi ishinde, jua huyo ameiona shida yako kama soko. Sadaka ni shukrani na ni kumsaidia aliye chini. Petro alimkemea Simoni mchawi pale Samaria kwa kudhani kipawa cha Mungu kinanunuliwa.

Sasa njoo kwenye biashara, maana mpakani shida nyingi huingilia mlango huo. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya aflatoksini. Malori yakakwama Busia na Malaba, na wafanyabiashara wadogo waliokuwa wamekopa kununua mzigo wakabaki wakihesabu riba. Baada ya siku chache amri ikalegezwa kwa masharti: waagizaji wajisajili, mzigo uwe na cheti kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Aliyekuwa na mtaji mkubwa alingoja. Mwenye magunia sita hakuwa na pa kungojea.

Siku kama hizo ndipo njia za panya zinapoita. Kila mtu anajua vichochoro, anajua nani wa kumpa kitu kidogo na saa ngapi. Na shetani, kama alivyofanya kule jangwani, huja mtu akiwa na njaa. Sitamhukumu mama aliyevusha debe la omena kichochoroni ili watoto wale. Ila namwomba ajue mambo mawili. Kwanza, kichochoroni hana ulinzi. Akinyang'anywa mzigo, akishikwashikwa, itakuwa vigumu kwake kwenda kushtaki. Pili, mara nyingi njia halali ipo na ni nafuu kuliko alivyoambiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani. Ukaguzi wa mimea na mifugo bado upo. Nenda kituo cha pamoja cha mpakani, uliza orodha, uipige picha kwa simu. Kuuliza haki yako ni sehemu ya kumtegemea Mungu, kwa sababu anayeamini kwamba Mungu ni wa kweli hana haja ya kuishi kwa kujificha.

Halafu fungua daftari. Wapo kina mama sokoni wenye daftari la mazoezi la shule lenye safu mbili, shilingi za Kenya kushoto na za Uganda kulia, na nyuma kabisa ukurasa wa madeni: jina, kiasi, siku aliyoahidi kulipa. Hofu huzidi ukubwa wa deni ikiwa deni halijaandikwa. Andika yote, hata ya kwenye simu, hata ile mikopo midogo ya programu inayokata kila ukipokea pesa. Kisha mwendee anayekudai kabla hajakufuata, useme utalipa nini na lini. Na baada ya hapo liombee jambo hilo kwa jina lake na kiasi chake. Sala ya jumlajumla humchosha hata anayeiomba.

Biblia ina hadithi moja ya biashara ninayoipenda kuliko zote. Yerusalemu imezingirwa na jeshi la Babeli, Yeremia mwenyewe yuko kifungoni, na hapo ndipo anaponunua shamba la Anathothi kutoka kwa binamu yake kwa shekeli 17 za fedha. Ameipima fedha kwenye mizani, ametia sahihi, ameita mashahidi, hati imewekwa katika chombo cha udongo ili ikae siku nyingi. Shamba lenyewe lilikuwa katika nchi inayoangukia mikononi mwa adui. Nikiwaona wale wenzetu walemavu wa Busia wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu, wanaozungusha kanyagio kwa mikono, kreti zimepangwa hadi juu ya kichwa, nikiwaona wanachangishana katika kikundi chao mwezi ambao kazi ilikuwa haba, huwa namkumbuka Yeremia na mizani yake. Mtu aliyekata tamaa haweki akiba. Hata iwe shilingi 50 kwa wiki, weka kwenye chama chako, kwa sababu unakiri kwamba kesho ina mwenyewe.

Nimechelewesha lililo gumu. Mtafanya haya yote, wewe na jirani yako, na mmoja ataponywa na mwingine atazikwa. Hapo ndipo imani ya wengi huvunjika, na kusema kweli sioni aibu kwa aliyevunjika hapo.

Wazee wa Malaba wanaikumbuka Februari 1977. Tarehe 16 ya mwezi huo Janani Luwum, askofu mkuu wa Kanisa la Uganda, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari. Yona Okoth, askofu wa Bukedi, ambaye makao yake yalikuwa Tororo, mwendo mfupi tu kutoka Malaba, alikuwa naye anashukiwa na watu wa Amin. Yeye alifanikiwa kukimbilia Kenya, kama walivyofanya Waganda wengi mno waliopokewa katika vijiji vya mpakani huku. Baada ya Amin kuanguka alirudi, na mwaka 1984 akawa askofu mkuu, katika kiti kile kile alichokalia Luwum. Maaskofu wawili, kanisa moja, adui mmoja. Wote waliomba. Wote waliombewa.

Ukitafuta sababu utaumia, kwa kuwa Biblia yenyewe haitoi. Katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume, Herode anamuua Yakobo kwa upanga, na mistari michache mbele Petro anatolewa gerezani na malaika. Luka hasemi Yakobo alikosea wapi. Hasemi kanisa lilimwombea Petro kwa bidii zaidi kuliko Yakobo. Anaandika yote mawili na kuendelea. Nadhani alituheshimu kwa kutotuongopea. Basi nawe usijipime kwa muujiza wa jirani. Aliyeokoka kwenye ajali ya matatu ashukuru, lakini asimame akatoe ushuhuda wake akikumbuka kwamba mama wa yule aliyekufa kwenye ajali hiyo huenda ameketi benchi la tatu.

Kuhusu swali la kichwa cha makala hii, nitajibu kwa ufupi. Mpaka ulipofungwa, zilibaki familia pande zote mbili, Wateso kwa Wateso, Wasamia kwa Wasamia, na makanisa pande zote mbili yaliyokuwa yakiomba kwa maneno yale yale. Yesu mwenyewe alivushwa mpaka usiku akiwa mtoto, mikononi mwa wazazi wanaokimbia mfalme. Yuko pande zote mbili, na yuko foleni.

Na kwa sababu hiyo kuna kazi ya waliosimama kwa aliyeanguka. Nawaomba wazee wa kanisa, makatekista, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, na kina mama wa umoja, mlitazame hili. Mtu akifiwa, tunajaa kwake. Tunaweka hema, tunakesha, tunachanga, tunapika, tunazika vizuri. Hatuna wa kutushinda kwa hilo. Lakini marafiki wa Ayubu walifanya vyema kabisa zile siku saba walizokaa naye chini bila kusema neno, na waliharibu walipoanza kueleza. Ukifika kwa mwenye msiba, usimwambie ni mapenzi ya Mungu. Usimwambie Mungu huchukua walio bora. Sema pole, kaa, osha vyombo. Kisha andika tarehe ya mwezi mmoja baada ya mazishi, wakati viti vya kukodi vimerudishwa na simu zimeacha kulia. Siku hiyo nenda na unga wa kilo mbili, sukari, sabuni ya kipande, na kama una uwezo, uulize shule ya watoto karo iliyobaki ni kiasi gani. Usiende peke yako kama aliyefiwa ni mjane na wewe ni mwanamume. Nenda na mkeo au na mama mwingine wa kanisa. Mkifika muulize analalaje. Akitaka kumzungumzia marehemu, mwacheni azungumze mpaka achoke, na akitaka muombe, ombeni kwa kifupi, mkilitaja jina la marehemu. Mkitoka, kubalianeni hapo hapo mlangoni ni nani atakayerudi wiki ijayo.